Sekunde Yangu Ndefu

Nilipopunguzwa kazi Dar es Salaam nilirudi Kibiti na vitu vitatu: godoro la sponji, cherehani ambayo sikujua kuitumia, na mashine ya kuhesabu masafa ya redio. Godoro na cherehani havikumshangaza mtu. Mashine ndiyo iliyowaleta majirani kibarazani, mmoja baada ya mwingine, wakijifanya wamekuja kunipa pole.

"Na hii ni redio gani, mwanangu?"

"Si redio, mama. Inahesabu."

"Inahesabu nini?"

"Mawimbi."

Walinitazama kwa huruma. Walishasikia kwamba watu waliopunguzwa na mashirika ya umma walikuwa wakirudi makwao na mambo yao, huyu kalewa, huyu kahamia dini nyingine, na mimi nikaonekana nimerudi na hili la kuhesabu mawimbi.

Nikafungua banda kando ya barabara ya Lindi, nikaandika ubaoni FUNDI REDIO ZA AINA ZOTE, na kwa mwezi mzima wanaume walisimama mlangoni, wakaona mwanamke, wakaniuliza fundi yuko wapi. Niliwajibu kwamba fundi amekwenda kuswali, wakae wamsubiri. Wengine walisubiri kweli, na mmoja alinywa chai yangu vikombe viwili kabla hajashtuka kwamba redio yake ninayo mapajani na imekwisha kupona.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, bidhaa zimefunguliwa, kila basi linaloshuka kutoka Dar lina maredio kaseti yenye taa za rangi. Wanunuzi wa kamba wa baharini walikuwa wameingia delta ya Rufiji na boti zao na redio za upepo, zile za kuongea mbali bila waya, na walizitumia kuulizana bei, kusalimiana na kuimbiana taarabu. Kazi ilikuwa tele. Ningeishi na kiburi changu salama salimini kama si mdogo wangu, aliyeolewa Mbwera kwenye visiwa vya delta, akapata mimba yake ya kwanza, na mtoto akaamua kukaa vibaya tumboni.

Lakini kwanza niieleze mashine, maana asiyeielewa mashine hatalielewa kosa langu.

Redio inaposema inatikisa umeme kwenye antena, mbele na nyuma, mamilioni ya mara kwa sekunde. Idadi ya mitikisiko hiyo katika sekunde moja ndiyo masafa yake, na redio mbili haziwezi kuelewana mpaka zitikisike sawasawa. Mashine ya kuhesabu haina ujanja mwingi. Ina mlango. Mlango unafunguliwa kwa sekunde moja kamili, mawimbi yanapita yakihesabiwa moja moja, mlango unafungwa, namba inatokea usoni. Tarakimu ya mwisho huchezacheza, moja juu, moja chini, kwa sababu kila mara kuna wimbi lililokuwa na mguu mmoja ndani na mwingine nje mlango ulipofungwa. Hilo halina dawa, na fundi mwenye akili hagombani nalo.

Sasa, nani anauambia mlango kwamba sekunde imetimia? Ndani ya mashine mna kipande cha jiwe chembamba, mafundi tunakiita kristali, kimefungiwa ndani ya kikopo cha bati. Ukikipa umeme kinatetemeka, tena kwa mwendo uleule, hakichoki wala hakikimbii. Mashine inaihesabu mitetemo yake, na ikifika idadi iliyopangwa inasema: sekunde imekwisha, funga. Uaminifu wote wa mashine umelala kwenye hilo jiwe.

Shirikani nilikokuwa nafanya kazi, fundi mkuu wetu hakuzipenda mashine hizi. Alikuwa mzee wa Kimatumbi aliyejifunza kazi zamani, wakati masafa yalipimwa kwa sikio. Unachukua redio unayoiamini na redio unayoitilia shaka, unazichanganya sauti. Zikitofautiana zinapiga mluzi. Unazungusha taratibu, mluzi unashuka, unakuwa mngurumo, unakuwa pumzi, unanyamaza, na hapo zimekutana. Alikuwa akifumba macho anapofanya hivyo, na sisi vijana tulichekea viganjani.

Mashine ya kwanza shirika lilipoinunua ilibebwa na watu wawili. Namba zake zilikuwa nyaya zilizokunjwa ndani ya vichupa vya glasi, zikiwaka rangi ya chungwa, na feni yake ilivuma chumba kizima. Mawimbi milioni kumi kwa sekunde iliyaweza, yakizidi hapo ilichanganyikiwa. Iliyofuata, ambayo mimi nilifundishiwa, ilikuwa na namba nyekundu, nyepesi kama begi la shule, na ilifika mamia ya mamilioni kwa njia ambayo mtu wa delta hahitaji kufundishwa. Wakata mikoko kwetu hawahesabu boriti moja moja wanapopakia. Wanafunga korja, ishirini ishirini, na mwenye daftari anahesabu korja tu. Mashine nayo, mawimbi yakiwa ya kasi mno, inayafunga kumi kumi mlangoni na kuhesabu mafungu, kisha inazidisha. Boriti mbili tatu zilizobaki chini hazionekani kwenye hesabu, lakini unamaliza kupakia kabla maji hayajakupwa.

Siku hizi ziko ndogo za kutia mfukoni, na zenye akili zimegeuza swali lenyewe. Ukitaka kujua mwendo wa mwanamke anayetwanga, ukihesabu mapigo kwa sekunde moja utaambulia pigo moja au mawili, hujajua kitu. Afadhali upime muda kutoka pigo hadi pigo, kisha ugawanye. Mashine mpya zinafanya hivyo kwa mawimbi ya taratibu, zinapima urefu wa wimbi lenyewe kwa vipande vidogo vya muda, na zinakupa tarakimu nyingi pale ambapo yangu ilitoa mbili. Nyingine haziamini hata jiwe lao, zinachukua sekunde kutoka kwa setilaiti. Ningekuwa na ya namna hiyo wakati ule, nisingekuwa na la kusimulia.

Shirika lilipouzwa, wenzangu waligombania viti na makabati. Mimi nikachukua ile ya namba nyekundu na hakuna aliyenipinga.

Mdogo wangu alikuwa mtu wa kucheka na kila kitu, hata na mimba yake. Alikuja Kibiti ikiwa na miezi sita, akaniambia nesi wa zahanati ya Mbwera amempapasa na kumwambia mtoto ametanguliza matako, huenda atageuka, huenda hatageuka.

"Kama wewe tu, dada," akasema. "Umemgeuzia mgongo kila mtu."

"Na asipogeuka?"

"Nesi ataita hospitali kwa redio, boti itakuja kunichukua. Ila redio imekufa."

Aliyasema hayo akimenya chungwa. Kutoka Mbwera kwenda hospitali kwa mtumbwi wa kupiga kasia, mama mwenye mtoto aliyekaa vibaya hafiki, au anafika na habari nyingine. Kila mtu wa delta alikuwa na jina la ndugu wa kutaja, aliyefia njiani. Nikamwambia redio iletwe kwangu kwa boti ya kwanza, na aondoe wasiwasi, dada yake si fundi wa kubahatisha.

Redio ikaja imefungwa kwenye kanga, imejaa chumvi na mayai ya mende. Nilibadilisha vipande vilivyoungua, nikatia kristali mpya, maana redio nayo ina jiwe lake, kisha nikaja kwenye kazi ya mwisho, ya kuiweka kwenye masafa ya hospitali sawasawa. Hapo ndipo nilipotaka kuonyesha ufundi. Niliunganisha mashine yangu na betri ya gari, nikawasha, namba nyekundu zikatokea, zikaniambia redio imepanda juu kidogo. Nikachukua kijiti cha mwanzi, maana bisibisi ya chuma ikigusa pale inaharibu kipimo, nikaishusha mpaka namba ikakaa pale pale nilipotaka. Nikazima mashine. Yote hayo hayakuchukua dakika tatu.

Kwa nini nilizima haraka? Kwa sababu mimi ni mtoto wa Rufiji. Kwetu betri za redio zilianikwa juani zikiisha nguvu, zikarudishwa, zikaanikwa tena. Redio iliwashwa kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, ikazimwa hata kabla msomaji hajaaga. Betri yangu ya bandani ikiisha ilibidi ifungwe nyuma ya baiskeli, ikachajishwe kwenye mashine ya kukoboa mpunga, irudi kesho yake kama mwenye mashine hana hasira. Kuwasha kitu kikakaa bure ulikuwa ufujaji kama wa kumwaga mchele. Washa, soma, zima: hivyo ndivyo nilivyolelewa na hivyo ndivyo nilivyofanya kazi.

Redio ikarudi Mbwera. Siku ya nne boti ikaleta salamu kutoka kwa nesi: imesema. Neno hilo moja tu. Sikuuliza imesema vipi. Nilikaa mbele ya banda nikajisifu kwa kila aliyepita, hata kwa muuza maji.

Wiki zikaenda, mimba ikaingia mwezi wa tisa. Alasiri moja dereva wa hospitali akasimamisha gari mbele ya banda, kaleta kaseti yake inayotafuna kanda. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, anayeanza kucheka kabla hajaanza kusimulia.

"Dada fundi, tuna kioja hospitali. Kuna mzee delta huko, kila asubuhi anaingia kwenye redio yetu anajifanya nesi!"

"Mzee?"

"Mzee kabisa, sauti ya mtungini! 'Hapa Mbwera, hapa Mbwera.' Anaagiza glavu, anaagiza dawa. Kijana wetu wa redio keshamfokea mpaka kachoka. Wale wanunuzi wa kamba wale, wakishalewa hawana kazi. Sasa kijana akimsikia tu anapunguza sauti, anakunywa chai yake."

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka mpaka bisibisi ikanidondoka. Nikamwomba aige tena ile sauti, naye akaiga, akashika kiuno kama mzee mwenye baridi yabisi.

"Na mambo ya uzazi anayajua!" akaendelea. "Juzi anasema ana mama wa mimba ya kwanza, mtoto katanguliza matako, boti ikae tayari. Mzee mzima!"

Nikainama nikaiokota bisibisi.

Dereva akaendelea kucheka peke yake kwa muda, kisha akaniuliza kama naumwa. Kwa haya sikumwambia kwamba huyo ni nesi wa kweli, nikamwambia tu kaseti yake aje kuichukua kesho. Alipoondoka nilifunga mlango wa banda, mchana kweupe, nikawasha mashine ya kuhesabu. Nikaipa kristali yangu moja nzuri niliyokuwa nayo ya akiba, nikaandika namba niliyoiona. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nirudi Kibiti, sikuzima. Nilikaa nikaitazama.

Baada ya dakika tano namba ilikuwa imeshuka. Baada ya kumi ilikuwa imeshuka tena. Niligusa kifuniko upande wa nyuma, kilikuwa na uvuguvugu, na hapo ndipo nilipoelewa, nikajiita jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Jiwe la mashine ile lilikuwa limefungiwa ndani ya kijioveni, kwa sababu jiwe hubadili mwendo joto linapobadilika. Waliolitengeneza walilikata litetemeke sawasawa likiwa limepashwa moto, si likiwa baridi. Na oveni inataka nusu saa au zaidi kupata moto. Shirikani tulikuwa na umeme wa ukutani, mashine iliwaka mwaka hadi mwaka, na mbele yake palibandikwa karatasi iliyoandikwa USIZIME. Nilikuwa nimeipita karatasi ile miaka sita nikidhani ni ukali wa wakubwa tu.

Kwa hiyo jiwe langu lilipokuwa baridi lilitetemeka polepole, sekunde yangu ikawa ndefu kuliko sekunde ya watu wengine. Mlango ulikaa wazi zaidi, mawimbi ya ziada yakaingia, namba ikawa kubwa, nami nikadhani redio imepanda. Nikaishusha. Redio ilikuwa sawa, mimi ndiye niliyeipoteza. Na redio za namna ile zikipishana masafa hata kidogo, hazinyamazi, ila zinaharibu sauti: anayesema chini ya mstari anasikika mzito. Nesi wa Mbwera, mwanamke mwenye sauti nyororo ya kubembeleza watoto, nilikuwa nimemgeuza mzee mlevi.

Kwa woga wa kukosea tena niliiacha mashine inawaka mpaka asubuhi, ipate moto wa kutosha. Ilipata. Na betri ikaisha, kavu kabisa. Hivyo ndivyo nilivyo, nikijirekebisha napitiliza.

Sikusubiri kuchajisha, wala sikumngoja dereva. Nilipanda pikapu ya kwenda Nyamisati na mashine mapajani nimeifunga kwa kitenge, nikapata boti iliyopeleka saruji Mbwera. Niliwaambia watu wa boti waharakishe, wakanijibu maji ndiyo yenye boti, si wao. Niligombana nao kuanzia mlango wa mto wa kwanza hadi wa tatu, kisha nikanyamaza kwa sababu walikuwa wamesema kweli.

Tulifika adhuhuri. Mume wa mdogo wangu alikuwa amekaa nje ya zahanati, kichwa mikononi. Hakuhitaji kuniambia. Uchungu ulikuwa umeanza tangu alfajiri, na mtoto hakuwa amegeuka. Kutoka chumba cha ndani nilimsikia mdogo wangu akiguna, mguno mrefu wa mtu anayebeba kitu kizito asichoweza kukitua. Hakuwa anacheka.

Nesi alikuwa kwenye redio, miwani imemteremka puani, anafoka.

"Binti, hebu mwite mkubwa wako! Nna mama hapa anakufa, wee wanchezea!"

Na kutoka redioni ikajibu sauti nyembamba, kali, ya kitoto, kama ya msichana wa darasa la nne aliyeshika ufunguo wa darasa: "Mzee, nimeshakuambia, ondoka kwenye laini ya hospitali!"

"Wameweka mtoto wa kike kwenye redio, mwanangu," nesi akaniambia, machozi yamemjaa. "Tangu redio irudi ni huyu huyu. Hajui kazi, hana adabu, ananiita mzee."

"Mama," nikasema, "huyo si mtoto wa kike. Ni kijana wa kiume, redio hii iko chini yake ndiyo maana unamsikia mwembamba, na yeye anakusikia wewe kama babu. Ni mimi niliyefanya hivyo. Nilipima na mashine baridi. Ni mimi, mama."

Nililia. Sikujali mwenye kunisikia. Nesi alinitazama kitambo, halafu akasema kwa sauti ya kazi, "Utalia baadaye. Sasa itengeneze."

Nikaitoa mashine kwenye kitenge. Zahanati ilikuwa na betri moja tu, ya redio yenyewe, na taa yake ilishaanza kufifia kwa maneno ya asubuhi nzima. Oveni ya mashine yangu ingeila betri ile nusu saa kabla haijaniambia ukweli, na ukweli ukishapatikana pasingebaki nguvu ya kuita boti. Niliushika waya mwekundu wa mashine nikaukaribisha kwenye betri, nikaurudisha. Mdogo wangu akaguna tena. Nilimkumbuka yule mzee wa Kimatumbi, macho kayafumba.

Nikafungua kifuniko cha redio, nikachonga kijiti kutoka kwenye fito ya ukuta. "Mama, nahitaji yule kijana aseme, asinyamaze. Anavyosema ndivyo nitakavyomfuata."

"Aseme nini? Kishanyamaza."

"Mtukane."

Nesi akavuta pumzi. Alikuwa hajati aliyekwenda Makka, mwanamke wa heshima zake, na sijui maneno yale aliyatunza wapi miaka yote ile. Alianzia kwenye malezi ya kijana, akapita kwenye chai anayokunywa kazini, akafika kwenye miguu ya babu yake. Alipoachia kitufe, redio ililipuka. Ile sauti ya kisichana ikaja juu, inatetemeka kwa hasira: yeye ni mtumishi wa serikali, atamripoti mzee huyu polisi, hajawahi kuona mzee asiye na haya namna hii, uso mkavu, mvi za bure.

Nikafumba macho nikazungusha. Upana wa unywele, taratibu. Msichana wa darasa la nne akawa wa darasa la saba. Akawa mvulana anayevunja sauti. Nikapitiliza, akawa dubwana, nikarudi. Alikuwa anamalizia kueleza jinsi atakavyoivunja redio ya mzee kwa nyundo, na katikati ya neno nyundo akawa mtu. Kijana wa kiume wa kawaida, amechoka, ana mafua kidogo. Nikaondoa mkono.

"Sema sasa, mama. Sema kama unavyosema siku zote."

Nesi akabonyeza kitufe. "Hapa Mbwera," akasema polepole. "Nina mama wa mimba ya kwanza, uchungu toka alfajiri, mtoto katanguliza matako. Naomba boti, mwanangu."

Kijana akabonyeza kitufe cha kwao. Niliisikia feni ya huko kwao ikizunguka, hata kengele ya baiskeli ya mtu nje ya dirisha lao.

"Nesi?" kijana akasema. "Nesi, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ya Rabi. Boti inatoka sasa hivi."

Ilifika kabla ya maghrib, na daktari msaidizi ndani yake. Mtoto alizaliwa hospitalini, wa kike, ametanguliza matako hivyo hivyo hadi mwisho, akiwa wa bluu dakika mbili za kutisha kabla hajalia. Mdogo wangu alipoteza damu nyingi, akalala wiki tatu. Kijana wa redio alikuja wodini siku ya pili na maziwa ya kopo, akasimama mlangoni, hakuweza kuingia. Nikamwambia kosa si lake. Hakuniamini, akayaweka maziwa dirishani akaondoka.

Siku ya saba mdogo wangu akampa mtoto jina langu.

Mbwera nzima ilikuwa imeshapata habari kwa jinsi ilivyopenda kuzipata: fundi kaja mbio kutoka Kibiti, kafumba macho, kafufua redio, kaokoa watu wawili. Walinipa jogoo, wakanipa kikapu cha mchele mpya. Nesi hakumtolea mtu siri yangu. Mimi nikapokea jogoo, nikapokea mchele, nikapokea na jina, na kila mwaka niliokwenda kumwona mtoto niliapa moyoni kwamba safari hii nitamwambia mama yake. Sikumwambia. Niliwasha mashine yangu nusu saa kabla ya kila kazi, betri iliwe itakavyo, na niliona hiyo yatosha kuwa kafara.

Nilimwambia mdogo wangu, mtoto alipokuwa darasa la sita. Tulikuwa tunapepeta mchele, mimi na yeye tu, na nikayatoa yote bila kupumua: dakika tatu, jiwe baridi, mzee mtungini, wiki zote zile ambazo hospitali ilikuwa inamsikia nesi na kumcheka. Mdogo wangu hakusimamisha ungo.

"Nilikuwa chumba cha pili, dada," akasema. "Ukuta wenyewe wa fito. Nilikusikia unamwambia nesi ni wewe. Nilikusikia unavyolia."

"Ulijua? Na ukampa jina langu?"

Akapuliza makapi, akatazama kama kumebaki mawe.

"Ningefanyaje? Nakujua. Ungeona haya, usingekanyaga tena kwangu. Nikasema nikimwita jina lako, utalazimika kuja kumwona."

Akanisogezea ungo tuushike pamoja, akaniambia nishike upande wangu vizuri, mchele unamwagika.